Dari ya Samawati

Kiti cha abiria kilikuwa kimebonyea. Jana yake mchana Thaddeus alikivalisha ngozi bandia mpya, akakitia sponji mpya, pete za chuma za kushikia ngozi akazibana moja moja kwa koleo mpaka vidole vikamtoka malengelenge. Asubuhi hii amekikuta na shimo katikati, shimo la makalio ya mtu aliyekaa kwa raha zake. Gereji ilikuwa imefungwa na ufunguo alilala nao.

Akasonya. "Sponji ya bei rahisi," akasema, akaing'oa.

Ndiye Thaddeus huyo, bwana mjuaji, hakosi jibu. Gari aliachiwa na marehemu baba yake, Ezekiel, seremala wa kisiwa cha St. Helena, ng'ambo ya daraja la mji wa Beaufort: jekundu, la mwaka 1970, milango miwili, boneti refu, injini ya kutikisa vyombo vya jirani. Mwingine angeshukuru. Yeye siku ya kwanza alifungua mlango, akatazama juu, akacheka mpaka akashika mbavu. Mzee alikuwa ameibandika dari ya ndani kitambaa cha samawati, rangi ile ile ya dari za vibaraza vya pale kisiwani, tena kakishona kwa mkono wake mwenyewe.

"Ushamba gani huu!" akamwambia mkewe, Odessa. "Gari la maana, mzee kaligeuza kibaraza cha bibi."

Wenye magari haya ya zamani wana dini yao: kila kitu kiwe kama kilivyotoka kiwandani. Thaddeus aliponyanyua kiti cha nyuma akaikuta, katikati ya springi, karatasi iliyoachwa na wafanyakazi wa kiwanda, imeorodhesha kila kilichofungwa humo. Dari: nyeusi. Samawati ingempunguzia alama kwenye maonyesho ya magari ya Beaufort, naye alishawatangazia watu wote kwamba kombe ni lake. Basi, siku chache kabla ya kile kiti kubonyea, akakichana kitambaa cha babake, akakitia moto kwenye pipa, akabandika cheusi.

Shangazi Ernestine, dada wa marehemu, aliuona ule moshi akaja mbio, mikono imejaa unga.

"Umechoma nini, Thaddeus?"

"Uchafu wa kaka yako, shangazi."

"Ole wako. Baba yako alipandiwa na kitu humo garini, kwenye barabara ya kule kwenye matope ya chumvi. Kilikaa ubavuni pake miezi kinamla pumzi. Kikiona samawati kinadhani ni maji, na maji hakivuki. Ndiyo maana akaiweka."

"Kumbe jini nalo linachagua rangi za vitambaa?"

"Cheka tu, mwanangu."

Akacheka, tena kwa sauti.

Jumapili wakaenda nalo kanisani, Odessa kwenye kiti cha abiria, kofia yake mapajani. Hawajafika hata darajani, gari likaanza kunuka tope, tope la maji yaliyokupwa.

"Thad," Odessa akanong'ona. "Kuna mtu kanikalia."

"Ni gundi ya dari hiyo, inakulevya. Fungua dirisha."

Lakini dirisha lilikuwa wazi, na upepo uliingia, na Odessa alikuwa amejishika kifua kwa mikono miwili, mdomo wazi, macho yamemtoka, na juu ya magoti yake ile kofia ilikuwa ikibonyea taratibu, ukingo kwanza, kisha katikati, mpaka ikalala bapa bila mkono wa mtu kuigusa, na pumzi nzito ikasikika ndani ya gari, pumzi iliyoshiba, wala haikuwa ya Odessa wala ya Thaddeus.

Daktari hakuona ugonjwa. Odessa alipelekwa kwa shangazi, akalazwa chini ya dari ya samawati, sauti imemkauka, anahema kama aliyepanda ngazi mia.

Shangazi hakubishana na mtu. Alikoroga chokaa, maziwa na nili kwenye ndoo, akaingia garini, akaipaka ile dari mpya tabaka mbili nzito. "Siku saba," akamwambia Thaddeus. "Siku saba kiwe kinaiona, kitaitema pumzi ya mkeo kishuke. Usiifunike hata dakika moja. Ukiifunika, kimeshinda, na pumzi yake hairudi tena."

Siku ya tatu Odessa alikunywa supu. Siku ya nne akaita jina la mumewe, kwa sauti inayosikika.

Siku ya tano ilikuwa ya maonyesho.

"Thad, usiende," Odessa akamwomba kutoka kitandani kwa shangazi. "Mimi au kombe?"

"Vyote viwili, mpenzi. Tatizo lenu hamtumii akili." Kwani aliipangusa rangi? Hakuipangusa. Alivuta kitambaa cheusi juu yake, akakibana pembeni, nadhifu. Samawati si ipo pale pale chini? Majini na mashangazi wote angewaweza kwa kitambaa cha dola kumi na mbili. Mjinga mwenye koleo!

Uwanjani watu walilizunguka gari wakiguna kwa husuda. Mkaguzi, mzee wa kofia ya majani, alichungulia dari, akaisoma ile karatasi, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Kama lilivyozaliwa," akasema. "Sasa mwombe mama ashuke, nikague kiti chake."

"Mama gani?"

Mkaguzi akamtazama kama anayetazama mlevi. "Huyo aliyekaa ndani."

Thaddeus hakugeuka. Harufu ya tope ikampanda puani, saa sita mchana, jua kali, watu mia wamemzunguka. Simu ikalia mfukoni mwake. Akaitoa: ni shangazi. Na kabla hajaipokea, mkanda wa kiti cha abiria ukafungwa, tak, na sauti ya Odessa ikamwita kutoka ndani ya gari, nzima, nene, isiyokwama hata kidogo.

"Nimechoka kukaa, mume wangu. Washa twende."