Mahameli Iliyogeuzwa

"Sema tu kwamba mbao zake zimeoza. Sentensi moja, shemeji, kazi imekwisha."

Bosi wa duka kubwa la samani alikuwa sebuleni kwa dada wa mshonaji, amekaa ukingoni mwa kiti, simu kainyoosha mbele kama anayemlisha mgonjwa.

Tangu asubuhi mshonaji hakai, hatulii: mara dirishani, mara mlangoni, mara ananyoosha pazia lisilo na kosa lolote.

"Si unamchukia mumeo?" dada yake akauliza kutoka jikoni.

"Namchukia mpaka kucha!"

"Basi mshindilie, mdogo wangu. Unangoja nini?"

Kisa kilikuwa hiki. Yeye na mumewe walitengeneza makochi: mume fremu na kuvalisha, mke kukata na kushona. Manyoya ya kitambaa cha mahameli hulala upande mmoja. Ukigeuza kipande, kinang'aa tofauti na vyenzake. Ndiyo maana kila kipande alikichorea mshale wa chaki. Mume, kwa papara zake, akaipangusa mishale akidhani ni uchafu, akavalisha mgongo wa kochi juu chini. Kochi likatoka rangi mbili. Mwenye hoteli aliyeliagiza alipofoka, mume akasema, "Mke wangu ndiye aliyekata vibaya."

Na mke alikuwa amesimama pale pale, mkasi mkononi. Jioni hiyo akahamia kwa dada.

"Mwenye hoteli anataka makochi mengine," Bosi akabembeleza. "Akisikia neno lako, kazi inakuja kwangu. Nawe nakupa meza yako mwenyewe ya kukatia. Haya, inarekodi. Ongea."

Akaipokea simu. Akilini akamwona mumewe amekaa karakanani peke yake, randa imelala, mlangoni hapigi hodi mtu. Akasubiri utamu wa picha hiyo. Ukaja uchungu.

"Fremu zake," akasema kwenye simu, "hazijawahi kulegea hata msumari mmoja."

Bosi akaruka. "Ebo! Mbona unaharibu?"

"Mimi nataka anisikie. Wewe unataka aanguke. Usituchanganye."

"Lakini umesema unamchukia!" dada akatokeza na mwiko.

"Nimekosea jina, dada. Yangu ni hasira. Chuki anayo huyu bwana. Mfungulie mlango."

Bosi alipotoka, mshonaji akamwandikia mumewe: *Njoo kwa dada sasa hivi. Usije na zawadi, usije na mzaha.*

Mume akafika anahema, vumbi la mbao kichwani.

"Nilidhani hutaki hata kuniona."

"Sitaki. Kaa."

"Mke wangu, mimi nili..."

"Ulinitupa mbele ya mteja. Mimi! Nimesimama hapo hapo!"

"Niliogopa tutapoteza kazi."

"Ukaona bora upoteze nani?"

Mume ndipo akakaa.

"Mpigie mwenye hoteli. Weka sauti kubwa, na dada asikie."

Mume akapiga.

"Mama, shikamoo. Ile mahameli niliigeuza mimi. Mke wangu alikata sawasawa. Alama zake nilizifuta mwenyewe, halafu nikamsingizia."

Mwenye hoteli akasema, "Kama mkeo unamsingizia, mimi mteja utanifanyaje? Makochi mengine nitatafuta fundi mwingine."

Simu ikakatwa.

"Kazi imekwenda," mume akanong'ona.

"Nimesikia."

"Na wewe?"

Mshonaji akauvuta mkoba wake kutoka nyuma ya kiti.

"Mimi narudi. Usichekelee! Nitagomba njia nzima, na nyumbani nitaendelea. Siku utakayoniona nimekutazama, sina la kukwambia, siku hiyo ndiyo uogope."

"Gomba, mke wangu. Gomba."

"Usinifundishe kugomba!"

Dada akaangua kicheko. Mume akaubeba mkoba, na hata kizingiti hawajakivuka, mke akaanza.