Shemeji Aliniandikia Kaswende kwa Mzaha, Kompyuta Ikampa Mume Wangu

Nina miaka arobaini na tisa. Shule niliachia darasa la sita, kwa hivyo wasomaji wenzangu mkikuta nimeandika kombo mnivumilie... Lakini haya sikusimuliwa na mtu. Yalinipata mimi, kwa mwili wangu na kwa jina langu.

Na majina nitayataja! Kuna watu wa kanisa walinishauri niyafiche. Niyafiche kwa nini? La kwangu nani alilificha?

Shemeji yangu anaitwa Festus. Karani wa zahanati anaitwa Nancy. Aliyekuwa mume wangu ni Barnaba. Sasa mnawajua.

Niliolewa kijiji cha Ziwa nikiwa msichana bado. Festus, ndugu mdogo wa Barnaba, nilimkuta mtoto wa shule ya msingi, miguu imejaa funza mpaka anatembea kwa visigino. Mama yao alikuwa mgonjwa wakati huo. Ni mimi nilimtoa zile funza kwa pini, mguu wake ukiwa juu ya paja langu, yeye analia, mimi nambembeleza. Nilimfulia yunifomu. Alipoenda kolegi kusomea kompyuta mjini Eldoret, maziwa ya asubuhi ya ng'ombe wangu yote yalienda kwa karo yake. Sisi tulikunywa ya jioni. Sikunung'unika hata siku moja. Nilijiambia, huyu ni mtoto wangu wa kwanza.

Mtoto wangu wa kwanza!

Alimaliza, akapata kazi ya kutengeneza programu ya zahanati moja ya watu binafsi. Makao makuu ya hiyo zahanati ni mjini, na ina matawi vijijini, moja hapo Ziwa. Tulichinja kuku. Festus alikaa kwa kiti cha marehemu baba yake, kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, mkononi, akaanza kujigamba.

"Mama Sharon," akaniambia, maana Sharon ndiye binti yetu wa pekee, "hii yangu si ya watu wa kawaida. Kila tawi lina stoo yake ya rekodi za wagonjwa. Fundi mwingine angekaa chini aandike anwani ya kila stoo, moja moja. Mimi nimeambia programu ijiunganishie anwani yenyewe! Karani anachagua tawi, programu inachukua hilo jina, inalibandika kwa anwani, inaenda. Inaitwa connection string."

Kiingereza kilinipita, lakini maana niliishika. Barnaba akacheka.

"Na ikijipeleka Uganda je?"

"Boss, hiyo haiwezi kupotea. Nimeiandika mimi!"

Tukacheka wote. Mimi nikamwongezea paja la kuku. Ndiyo, kwa mkono wangu huu!

Mwaka uliofuata nikafura shingo. Daktari wa tawi la Ziwa akanitoa damu, akasema majibu yakitoka atajua kama nipelekwe kupasuliwa. Yalikuwa tayari siku ya soko. Mimi nilikuwa na viazi vya kuuza, nikamwambia Barnaba anipitie huko ayachukue.

Siku ya soko watu hujaa kwa ile zahanati mpaka nje. Ndiyo maana walikuwa wanaleta karani wa kusaidia kutoka mjini, na kompyuta yake ya kubeba. Siku hiyo aliletwa Nancy. Barnaba akampa jina langu na namba yangu ya simu. Nancy akaangalia, akachapisha karatasi, halafu akasema kwa sauti, foleni nzima inasikia:

"Mzee, heri na wewe upimwe. Mama ana kaswende. Na si mara ya kwanza."

Foleni nzima! Walikuwemo majirani. Walikuwemo watu wa kwaya. Hivyo ndivyo mtu anaambiwa habari za mke wake?

Barnaba alinikuta sokoni. Hakupiga kelele. Aliweka ile karatasi juu ya viazi akasema, "Soma."

Nilisoma polepole, vile mimi husoma. Jina langu la ubatizo. Namba yangu ya simu. Kaswende. Ametibiwa. Imerudi. Ametibiwa tena. Imerudi... Mama aliyekuwa anauza kabeji kando yangu alinyoosha shingo akasoma pia, halafu akavuta gunia lake likawa mbali na langu.

Wasomaji wenzangu, nilikuwa sijawahi kulala na mwanamume mwingine tangu nizaliwe!

Nilienda hospitali ya serikali nikapimwa upya. Damu safi. Nikarudi nyumbani karibu nikimbie, nikamwonyesha Barnaba. Akaniangalia kama mtu anayeangalia kinyesi kwa kiatu chake. "Si imeandikwa umetibiwa? Basi umepona tena. Hongera."

Nikarudi kwa zahanati, siku isiyo ya soko, nikamkuta karani wa kawaida wa Ziwa. Akafungua faili langu mbele yangu. Hakukuwa na kaswende! Kulikuwa na shingo tu. Akanichapishia. Barnaba akasema, "Umewahonga wafute."

Mnaona vile nilifungiwa? Kila ukweli niliouleta ulisimama upande wake.

Akaita kikao cha familia. Na nani alipika chai ya hicho kikao? Ni mimi! Niliwapikia watu wa kunihukumu, nikawapitishia vikombe, nikaenda nikakaa karibu na mlango kama mwizi. Mzee mmoja, baba mdogo wa Barnaba, alikuwa na shaka. Akamgeukia Festus.

"Wewe ndiye mwenye hiyo mashine. Inaweza kukosea?"

Nilimwangalia Festus. Nilijua atanitetea. Nilimtoa funza, jamani!

Festus akapuliza chai yangu. Akakunywa. Akasema, "Mzee, kompyuta haina chuki na mtu. Inatoa kile kiko ndani."

Hayo maneno yako kwa masikio yangu mpaka leo. Inatoa kile kiko ndani...

Nilifukuzwa na nguo zangu na sufuria mbili. Nilienda Cheptiret, nikapanga chumba kando ya barabara kuu, nikaanza kuchoma mahindi ya kuuzia wasafiri. Watu wa Ziwa wakipita waliniona. Mmoja, mama tuliyeimba naye kwaya, alinunua hindi moja, akalishika kwa majani yake, akasonga mbele kidogo akalitupa kwa mtaro. Sijui kama alidhani sioni. Shingo nayo iliendelea kufura. Pesa za kupasuliwa zilikuwa kwa Barnaba, na Barnaba alikuwa ameleta mwanamke mwingine.

Lakini hayo yote ningemeza. Lililonimaliza ni koito ya Sharon.

Kwa wasiojua, koito ni siku watu wa upande wa mvulana wanakuja kumposa msichana. Wazazi wanakaa mbele, wanaimbiwa, wanapakwa mafuta kichwani. Mama ya msichana hiyo ni siku yake, ni malipo ya usiku wote aliobeba huyo mtoto mgongoni. Nilikuwa nimeshona nguo ya hiyo siku tangu Sharon akiwa sekondari. Barnaba akanitumia ujumbe: usije, wageni wasikuje kuuliza maswali. Sharon alilia, akamwomba baba yake, akaambiwa achague koito au mama.

Mwanamke mwingine akakaa kwa kiti changu. Mafuta yangu yakapakwa kwa kichwa chake. Na mimi nilikuwa Cheptiret, napepea makaa.

Festus alikuwepo. Nasikia yeye ndiye alikuwa anapiga picha!

Sasa sikilizeni vile ukweli ulitoka. Kogo Tabitha, mama yao Barnaba na Festus (kogo kwetu ni nyanya), ana karibu miaka themanini. Siku moja ya soko alienda hiyo zahanati kwa sababu ya magoti. Kulikuwa na karani mwingine mgeni kutoka mjini, si Nancy. Akamwuliza namba ya simu, akachapisha, akasoma, akasoma mara ya pili. Kogo akamwambia amsomee, yeye macho hayaoni.

"Kogo... hapa inasema uko na mimba. Ya mapacha."

Foleni ikaangua kicheko. Kogo hakucheka. Akasema, "Mapacha! Na baba yao tumemzika zamani, amepitia wapi?" Akachukua karatasi, akatembea na magoti yake mabovu mpaka nyumbani, akamtupia Barnaba kifuani.

"Kama mimi nina mapacha, basi Mama Sharon ana kaswende! Niitie Festus. Na Mama Sharon akuje, nataka asikie kwa masikio yake."

Nilienda. Nilikaa tena karibu na mlango. Safari hii sikupika chai.

Festus alijaribu maneno makubwa kwanza. Kogo akamwambia aongee lugha ya mama yake ama atoke atafute mama mwingine. Ndipo akasema.

Alipokuwa anatengeneza programu alihitaji wagonjwa wa uongo wa kujaribia. Akafungua stoo ya mazoezi. Angeweza kubuni majina, lakini ati hiyo ni kazi nyingi, kwa hivyo akaandika majina ya watu wa kwao, na namba zao za simu zilizokuwa kwa simu yake. Alikuwa na marafiki zake mjini. Wakawa wanagawa magonjwa...

"Mkawa mnafanya nini?" Kogo akauliza.

"Tulikuwa tu tunacheka, mama. Ni test data. Hata mimi nilijiandika nina ukichaa."

Mnasikia? Mimi nikiwa nakamua ng'ombe alfajiri ndiyo yeye asome, yeye yuko mjini anashauriana na wavulana wenzake shemeji apewe ugonjwa gani wa kuchekesha!

Na ile anwani ya kujiunganisha yenyewe? Ukichagua Ziwa, inabandika jina la Ziwa, inaenda Ziwa. Usipochagua kitu, hakuna cha kubandika. Anwani inabaki kipande cha mbele peke yake. Na hicho kipande peke yake kilikuwa ni njia ya stoo ya mazoezi! Skrini ni ile ile, rangi ni zile zile. Kompyuta ya karani wa Ziwa ilikuwa inakumbuka tawi lake. Lakini hizo za kubebwa kutoka mjini zilikuja na nafasi tupu, na karani akiwa na foleni mpaka nje anaruka tu anaendelea. Nani atakumbuka?

"Si programu ingekataa?" Barnaba akauliza. "Si ingesema, sijui niende wapi?"

"Ingekataa, boss... kama ningeiandikia hivyo."

Halafu mzee yule wa shaka akauliza swali moja. "Ulijua lini?"

Festus akakiri. Kumbe Nancy alimpigia simu wiki ile ile ya karatasi yangu! Alimwambia wagonjwa aliowaandikisha Ziwa hawaonekani. Festus akaangalia, akajua papo hapo. Akamwambia Nancy achague tawi kila wakati na asiulize mengi, wote wawili watafutwa kazi. Na Nancy, aliyenitangaza mbele ya foleni, akafunga mdomo. Hapo ndipo alijua kunyamaza!

Hakurekebisha programu. Alimrekebisha Nancy tu. Karani mwingine alipokuja, mapacha wakazaliwa.

Kwa hivyo siku ya kile kikao, akipuliza chai yangu, alijua. Inatoa kile kiko ndani... na alikuwa anajua ni nani alikiweka ndani!

Watu hufikiri nililia. Sikulia. Nilitoka nje, nikaenda nyuma ya ghala la mahindi, nikatapika.

Barnaba alinifuata akapiga magoti kwa matope. Akasema atamrudisha yule mwanamke kwao, akasema nyumba ni yangu, shingo itapasuliwa wiki hiyo. Nikamwambia, "Kwanza nirudishie koito ya Sharon." Akasema, "Mama Sharon, hiyo imepita..." Nikamwambia, basi na mimi nimepita. Mwanamume niliyelala naye miaka yote hiyo aliamini karatasi ya msichana asiyemjua, akaniona mimi ndiye mwongo. Sasa ati anaamini kwa sababu mama yake hawezi kuwa na mimba! Mimi je? Kama Kogo angekuwa msichana, si ningekufa na hiyo kaswende yao?

Shingo nilipasuliwa baadaye, kwa nguvu ya Sharon na mume wake. Kovu liko. Bado nachoma mahindi Cheptiret, na Kogo Tabitha huja kunitembelea, analeta mursik, tunakunywa pamoja.

Festus hakufungwa. Hata kazi hakufutwa! Nasikia ameongeza kamstari kamoja kwa programu, kanasema chagua tawi kwanza. Kamstari kamoja... Ndoa yangu na koito ya mtoto wangu vilikuwa na thamani ya kamstari kamoja ambako alichoka kuandika. Na sasa anauzia zahanati zingine. Alinitumia ujumbe wa msamaha kwa simu, kwa namba ile ile aliyoniandikia kaswende nayo. Niliufuta.

Ninyi vijana mnaotengeneza hizi programu, nawasihi. Mashine isiachiwe ijitafutie njia kwa kubandika chochote ambacho mtu aliyechoka amejaza au amesahau kujaza. Nafasi ikiwa tupu, ikatae! Iseme haijui! Na mkitaka watu wa uongo wa kujaribia, buni majina. Usiweke mama yako. Usiweke aliyekulea.

Nanyi wanawake wenzangu, usitume mtu akuchukulie majibu. Nenda mwenyewe, simama hapo dirishani, muulize karani umefungua tawi gani, dada? Akikasirika, akasirike. Mimi sikuuliza, nilikuwa nauza viazi.

Na wewe mwanamume unayesoma hii karatasi ya gazeti, siku utaletewa karatasi nyingine kama ile ya Barnaba... mwangalie kwanza aliyekupikia chai.

Festus, kama unasoma, miguu yako nilikutoa funza zote. Nilihesabu nikadhani zimeisha.