Pampu ya Kuzuia Mlango

Majirani zangu wapendwa, pamoja na nyinyi mnaosikiliza dirishani mkijifanya mnaanika nguo, naomba utulivu. Habari ninayoileta ni ya nyumba ya baba mkubwa, kaka yake baba yangu. Nyote mnamwita Fundi Baridi, na wengi wenu mmemwita zaidi ya mara moja kwa kiyoyozi kilekile.

Ilikuwa nyumba ya amani. Asubuhi mama mkubwa alichambua mboga jikoni, bibi yangu alikaa barazani akikosoa mwendo wa wapita njia, na mlango wa jikoni ulikaa wazi bila kupigwa na upepo, kwa kuwa ulizuiwa na pampu ya kufyonza hewa.

Pampu hiyo haikununuliwa kwa kazi ya mlango. Fundi akishaunganisha mabomba ya kiyoyozi hutakiwa kuyajaza nitrojeni na kupaka povu la sabuni kwenye maungio, aone kama panavuja. Kisha pampu hufyonza hewa na unyevu wote, na sindano ya geji ikitulia ndipo gesi inaruhusiwa kuingia. Lakini pampu ni nzito, na baba mkubwa alikuwa mtu wa mbiombio. Yeye alilegeza nati, akafungulia gesi kidogo isukume hewa nje, ikalia pssss, akakaza, akaondoka. Mteja alipolalamika baada ya muda kwamba hapapoi, alirudi kuongeza gesi, akipima kwa kugusa bomba kwa kiganja kama anayempima mtoto homa. Povu hakupaka hata siku moja.

"Mteja asiporudi atanisahau," alituambia, nasi tukacheka. Tulimwona mjanja.

Kisha moyo wa bibi ukaanza kusumbua. Daktari akasema wazi kwamba mama huyu joto kali litammaliza, alale mahali penye ubaridi. Baba mkubwa hakusita. Alileta kiyoyozi kipya siku ileile, akakifunga mwenyewe chumbani kwa mama yake. Msidhani hakumpenda. Alimpenda kuliko sisi sote tukiwekwa pamoja.

Alipokuwa anaunganisha mabomba, simu ikaita. Mteja alikuwa akimsubiri.

"Baba watoto," mama mkubwa akamwambia, "leo si nikutolee pampu yako hapa mlangoni?"

"Iache. Mlango utatugongea siku nzima."

"Ni chumba cha mama hicho."

"Kwani mimi nimesahau ni mama wa nani?"

Nati ikalia pssss, ikakazwa. Chumba kikapoa mpaka vioo vikapata ukungu. Bibi akawa anawaita wageni wauone ubaridi huo, na kila aliyeingia aliambiwa, "Funga mlango, baridi ya mwanangu inatoka."

Siku zikapita, baridi ikapungua. Bibi akasema, baba mkubwa akaongeza gesi. Ikapungua tena. Hapo jirani mmoja, ambaye leo ameinamisha kichwa hapo nyuma, akamwona bibi barazani akijipepea kwa mfuniko wa sufuria. Akapaza sauti barabara nzima isikie: "Mama wa Fundi Baridi anajipepea! Sisi wengine tutapona?" Mtaa ukacheka. Bibi naye akacheka, akaingia ndani, na tangu siku hiyo hakulalamika tena.

Msimu wa joto ukafika. Mama mkubwa akamfuata mumewe aliyekuwa akifunga kamba za viatu.

"Chumba cha mama ni tanuri. Nimetoka huko sasa hivi nikiwa nimelowa."

Baba mkubwa akaita kutoka koridoni, mkoba tayari begani. "Mama, panapoa huko?"

"Panapoa, mwanangu. Mpaka nimejifunika."

"Umesikia? Anayelala humo amesema."

"Ingia basi uone mwenyewe."

"Nikirudi nitaingia."

Kweli bibi alikuwa amejifunika. Mama mkubwa alimkuta mchana, alipompelekea chakula, shuka likiwa limefika kidevuni na limelowa chapachapa. Juu ukutani kiyoyozi kilikuwa kinavuma, kinapuliza hewa ya moto. Fundi alipigiwa simu akiwa kwenye ngazi kwa watu, akiongeza gesi. Aliporudi, alikuta mama yake ameshatutoka.

Tulipotoka kuzika, tulikaa sebuleni. Ghafla mlango wa jikoni ukagonga. Ukagonga tena. Tukageuka, na pampu haikuwepo mahali pake.

Ilikuwa chumbani kwa bibi. Baba mkubwa alijaza nitrojeni, akapaka povu, na kwenye nati moja povu likavimba, likapasuka, likavimba. Akaikaza kwa spana. Hata nusu mzunguko haukufika, povu likakoma. Akafyonza, akasubiri sindano itulie, akaipima gesi kwa mizani, kila kitu kama alivyofundishwa ujanani. Chumba kikapoa, na humo mlikuwa na kitanda kisicho na godoro.

Mama mkubwa akaenda kumwita ale. Akamkuta ameketi sakafuni.

"Funga mlango," alisema bila kugeuka. "Baridi inatoka."

Akaufunga. Ule wa jikoni ukaendelea kugonga.

FUNZO

Wapo wanaosema siku za bibi zilikuwa zimefika. Sibishani na wafiwa, mimi mwenyewe ni mfiwa. Ila nasema hivi: kazi ya ovyo tunayomfanyia mteja hujenga mazoea, na mazoea hayabaki kwa mteja. Tunarudi nayo nyumbani, tunawafanyia hata tunaowapenda. Tusiwaachie wazee wetu mzigo wa kulinda sifa zetu. Tukiwauliza hali zao, tuingie ndani tuone, tusiulizie koridoni. Na sisi hodari wa kucheka, tukumbuke kwamba kicheko chetu kilimnyamazisha mgonjwa.

Mafundi, pampu zikae kwenye mikoba yenu. Mlango wa jikoni utafutieni jiwe.