Mwizi wa Debe

Ekseli ilikatika saa nne asubuhi, katika njia ya wapasua mbao ambayo dereva aliapa kuwa ni ya mkato. Lori lilikuwa limebeba watu wa kujitolea kutoka Mingoyo, wakienda kufyeka shamba la kijiji kipya upande wa Miteja. Dereva na utingo wakaondoka kwa miguu kutafuta msaada. Porini wakabaki watu watano, mapanga matano na debe moja la maji. Ulikuwa mwezi wa kumi. Mto wa karibu ulikuwa mchanga mtupu.

Siku ya kwanza ustaarabu ulikuwa wa kumwaga. Kabla hata ya kuokota kuni walichagua mwenyekiti, Mwalimu Bonaventura, na azimio likapita: kikombe kimoja asubuhi, kimoja jioni. Kila mtu alikuwa ndugu. Ndugu sogea, ndugu pokea, ndugu umenikanyaga.

Mfaume, Mngindo pekee kati ya Wamwera, watani wa kabila lake, alishika kazi yake ya utani. Aliwaambia wakifa atawazika wima ili wasile nafasi. Walicheka, wakamrudishia matusi ya ukoo mzima, kama ilivyo haki.

Siku ya tatu Mwalimu alichungulia debe. Maji yalikuwa chini ya alama aliyoichora kwa mkaa. Akauliza nani.

"Mimi," alijibu Mfaume bila kufungua macho. "Nimenawia miguu. Nitalalaje mchafu, nami niko kwa Wamwera?"

Juzi wangeanguka kwa kicheko. Sasa Huseni alisema mtu amekiri mwenyewe, mnataka nini tena. Rosalia akakumbuka kumwona akiamka alfajiri, ingawa wote huamka alfajiri. Bi Moza, mkubwa wao kwa umri, alivuta kanga kichwani. Wakamfunga kwenye gurudumu kwa kamba ya turubai, na kikombe chake kikafutwa kwa kura. Utani ulikauka kabla ya maji.

Siku ya nne maji yalishuka tena, na mwizi amefungwa! Hapo kila mmoja akaanza kuhesabu mafunda ya mwenzake. Huseni alimtazama Bi Moza, aliyemlowesha Mfaume midomo kwa ncha ya kanga, akasema mwizi ana mshirika. Neno ndugu halikusikika tena. Kisha Huseni akasema kinywa kimoja kikipungua, wengine watafika.

Mwalimu, midomo imepasuka, aliuliza kama kuna pingamizi. Aliuliza vilevile kama mkutanoni. Huseni akachukua panga.

"Nyuki hao," alisema Mfaume, shavu likiwa mchangani. "Tangu asubuhi wanaingia chini ya debe."

"Tumechoka na utani wako," alisema Huseni.

"Sitanii."

Bi Moza aliinua debe. Mchanga wa chini ulikuwa mweusi kwa unyevu, nyuki wamejazana wakinyonya. Kwenye kiungo cha kitako, kilicholiwa na kutu, tone lilining'inia, likadondoka.

Mwalimu aliziba tundu kwa sabuni. Bi Moza akalitwaa panga mkononi mwa Huseni, akakata kamba. Kesho yake trekta la kijiji likatokea.

Walipofika Miteja walipewa uji. Mwalimu alimfuata Mfaume, akasimama mbele yake.

"Nitukane, mtani."

Mfaume aliweka bakuli chini, akainamisha kichwa kwa adabu, yeye aliyekuwa rika lake.

"Shikamoo, Mwalimu. Nyumbani hawajambo?"

Mwalimu alifungua kinywa aseme marahaba. Haikutoka.