Mlio Mmoja Kutoka Mackinnon

Hebu niambie wewe unayesoma: umewahi kukaa ukaitazama simu, ukiiomba ilie mara moja tu, na ikilia usiipokee?

Dhahabu alikaa hivyo asubuhi ile, chai yake ikipoa mezani.

— Hiyo simu ukiikodolea macho hivyo, itazaa? aliuliza Lavender wa meza ya pili, akichovya mahamri kwenye chai.

— Nangoja mteja.

— Mteja gani wa kukufanya usinywe chai?

Ofisi yao ilikuwa Chaani, karibu na bandari, juu ya duka la vipuri, na kazi yao ilikuwa udalali wa mizigo. Lori hawakuwa nalo hata moja. Walimtafutia mwenye mzigo lori, na mwenye lori mzigo, wakala kilicho katikati. Dhahabu, msichana wa Bofu, alikuwa mgeni upande wa mauzo, na kazi ya mgeni ni kupiga simu kutwa. "Habari za asubuhi, mna mzigo wa kupanda bara leo?" Wengine humjibu, wengine humkatia kabla hajataja jina.

Ni katika simu hizo alipompata Kefa, dereva mwenye kwao Kakamega. Kwanza waliongea mizigo, kisha mvua, kisha mama zao. Kefa akazoea kumbipu kila anaposimama njiani: Mariakani, Mackinnon, Voi, hivyo hivyo hadi Nairobi. Mlio mmoja, basi. Maana yake: niko hai, nakukumbuka.

Hakuna aliyejua, na isingefaa ajue mtu. Kiti alichokalia Dhahabu kilikuwa cha msichana mwingine, aliyempasulia mpenzi wake dereva habari za mizigo, mzigo ukaibwa, polisi wakaja kumtoa pale pale mezani na kalamu ingali mkononi. Tangu hapo Bwana Absalom, mwenye ofisi, humwambia kila mgeni neno moja: "Ukimpenda dereva, niletee na barua ya kuacha kazi."

Kwa hiyo Kefa alipomuuliza, Ijumaa iliyopita, "Dhahabu, nije kwenu na wazee lini?" yeye alimjibu kama wateja wasiotaka kusema la:

— Nitakupigia.

Kefa alicheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi.

Leo Kefa amepakia mchele alfajiri. Mlio wa Mariakani ulikuja. Wa Mackinnon haukuja. Badala yake ukaingia ujumbe wa namba ya Kefa kwenye simu ya ofisi:

"Nimefika Voi salama. Simu inaisha chaji msipige."

— Mchele uko Voi, Absalom akamtangazia mwenye mzigo kwa simu, sauti imejaa raha.

Dhahabu akatoka hadi kwenye ngazi, akapiga namba ya Kefa. Ikapokelewa.

— Sema.

Haikuwa sauti ya Kefa. Ilikuwa nzito, yenye pumzi za mtu aliyetoka kubeba kitu.

— Naomba kuongea na dereva.

— Amelala.

— Naongea na nani mwenzangu?

— Turnboi wake.

Kefa hatembei na turnboi wala msaidizi yeyote. Dhahabu akashika ukuta, lakini mdomo wake ukajisemea wenyewe kwa ile sauti tamu ya kazini:

— Haya kaka. Mkishusha nina mzigo wa kurudi. Mko wapi niwapangie?

Kwa mbali nyuma ya yule mtu, Dhahabu akasikia mguno, kama wa mtu aliyezibwa mdomo kwa kitambaa. Simu ikakatwa. Akapiga tena, imezimwa.

Akabaki ngazini. Akisema, atakuwa ndiye msichana wa pili kutolewa kwenye kiti kile. Akinyamaza, Kefa atafia porini na jina la mwizi juu yake. Akaufungua mlango.

— Bosi, lori haliko Voi.

— Dereva mwenyewe ameandika.

— Si yeye aliyeandika. Nimepiga, kapokea mtu mwingine.

— Labda rafiki yake. Umejuaje si yeye?

Dhahabu akaufunga mlango nyuma yake.

— Kefa haandiki akiwa safarini. Hunibipu kila anaposimama. Mackinnon hajabipu.

— Akubipu wewe, kwa nini?

Lavender akaacha kutafuna.

— Ni mpenzi wangu, bosi.

Absalom akavua miwani taratibu.

— Unamjua uliyemrithi hicho kiti?

— Namkumbuka kila nikikaa. Waite polisi, na mimi wanichukue. Lakini wamtafute yeye kwanza.

Absalom alimtazama kama mtu anayepima samaki iwapo ameoza. Kisha akavuta simu, akawaita polisi.

— Na wewe usitoke humu, alimwambia.

Dhahabu hakuwa na nia ya kutoka. Alikaa akaanza kuwapigia madereva, hata wale waliozoea kumkatia. "Kaka, usikate leo. Lori la kichwa cheupe, turubai la buluu, umeliona wapi?" Huyu hajaliona, huyu yuko Emali. Anakosea namba, anapiga upya.

Hatimaye Munga, dereva wa Rabai aliyesikia kwa wenzake, akapiga:

— Dada, hilo turubai nimelipita sasa hivi Taru, nyuma ya kile kituo kibovu cha petroli. Wanapakua. Nilidhani wameharibikiwa.

— Munga, usiwasogelee, ni watu wabaya. Polisi wanakuja.

— Nimesharudi nikapaki mdomoni mwa kituo, dada. Na wenzangu wanapaki nyuma yangu. Hapiti mtu hapa.

Kisha kukawa na kungoja. Chai ya Dhahabu ikafanya utando. Lavender akaja kukaa karibu naye, bila mzaha safari hii. Munga alipopiga tena, Dhahabu aliogopa kuigusa simu.

— Weka sauti tusikie sote, alisema Absalom.

— Wawili wameshikwa, wengine wametimka, alisema Munga. Dereva tumemkuta kichakani kafungwa kamba. Kichwa kimepasuka, lakini anaongea. Anaongea sana, kwa kweli. Huyu hapa.

— Dhahabu, ilikuja sauti ya Kefa, dhaifu. Nisamehe. Sijabipu Mackinnon.

Dhahabu akajifunika uso.

— Kefa, bosi anasikia.

— Shikamoo, bosi.

— Marahaba, alijibu Absalom. Akavaa miwani, akaivua tena. Mambo ya kazi tutayaongea baadaye. Malizeni kwanza yenu.

— Basi nikate, alisema Kefa. Utanipigia.

— Usikate. Sikupigii tena kukujibu hilo, nasema sasa na wote wasikie. Njoo Bofu, Kefa. Njoo na wazee wako na mnazi wa baba kunywa siku ya posa. Nataka unioe.