Daftari la Maneno ya Bibi

Kila siku nikitoka shule nilivua sare, nikanawa mikono, kisha nikateremsha kopo la vizibo kutoka juu ya kabati. Vilikuwa vizibo vya soda ishirini na sita, kila kimoja kimeandikwa herufi moja kwa rangi nyeupe. Nilivipanga mezani mbele ya Bibi, nikafungua daftari, kazi ikaanza. Chumba cha pili mama yangu, ambaye ni fundi wa kushona, alikuwa akikanyaga cherehani yake.

Bibi alifundisha Kiingereza miaka thelathini na moja. Nusu ya wazazi wa mtaa wetu walipitia mikononi mwake, na mpaka leo wengine wakimwona huficha sigara. Kisha asubuhi moja, akiwa anachana nywele, kiharusi kikamwangusha. Mkono wa kulia ukalegea, na maneno yote yakampotea, likabaki moja tu: "Bado." Umekula, Bibi? "Bado," na sahani ni tupu. Umelala vizuri? "Bado." Mwanzoni tulicheka, halafu tukazoea, halafu ikaanza kutuuma.

"Kiingereza ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote, basi tuanzie hapo," alisema daktari wa usemi pale hospitali. Kila Jumatatu alituchagulia herufi tano za juma. Bibi alitakiwa kutafuta maneno ya Kiingereza yanayopatikana ndani ya herufi hizo, asogeze vizibo mwenyewe kwa mkono wa kushoto, nami niandike alichopata.

"Wewe ni karani tu, mwanangu," daktari aliniambia. "Usimsaidie hata akichukua saa nzima. Hapa kwangu anaogopa, hatoi neno. Daftari hili ndilo macho yangu huko nyumbani."

Herufi za kwanza zilikuwa A, E, H, R na T. Siku ya kwanza Bibi alitoa "tea", na ilimchukua muda ambao ningeweza kufua sare mbili. Siku ya pili akatoa "hat". Nje niliwasikia wenzangu wakiruka kamba na kuhesabu kwa sauti, na kiti kilikuwa kinanichoma kama jiko. Siku ya tatu Bibi alisukuma H, akasukuma E, akavirudisha, akavisukuma tena, mpaka jasho likamtoka. Nilimhurumia. Huo ni ukweli, ila si ukweli wote, kwa sababu nilitaka pia kwenda kuruka kamba. Niliandika "heart", nikaandika "earth", nikafunga daftari.

"Tumemaliza, Bibi," nikamwambia.

Alinitazama. "Bado," akasema.

Nikakimbia nje.

Jioni Mama alipoyasoma maneno yale alilia kwa furaha, akawaita hata majirani waje waone. Baada ya hapo ningeanzaje kusema? Kesho yake niliongeza mawili, keshokutwa matatu. Mwezi ulipokwisha, siku moja pekee ilikuwa na maneno kumi na mawili, na mimi nilikuwa bingwa wa kamba mtaani.

Jumatatu ya tano daktari alilipitia daftari ukurasa kwa ukurasa.

"Hongera, Mama," alimwambia Bibi. "Anayepata maneno kumi na mawili kwa siku anaweza kuendelea nyumbani bila mimi. Nafasi yako nitampa mgonjwa mwingine, wapo wengi wanangoja." Akafungua faili, akachukua mhuri. "Au wewe unaonaje? Umepona?"

"Bado," alisema Bibi.

Daktari akatabasamu, Mama naye akatabasamu, maana lilikuwa neno lake la kila siku. Lakini mimi nilikuwa nimekaa karibu naye, nikaona mkono wake mzima umeng'ang'ania ukingo wa meza. Safari hii alikuwa amejibu sawasawa. Alikuwa anaomba asiachwe, na aliyemwelewa ni mimi peke yangu, niliyemfikisha pale.

"Daktari, usigonge!" nilisema. Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Maneno hayo ni yangu."

"Unasema nini wewe?" Mama aliuliza.

Nikawaeleza yote, tangu ile siku ya tatu. Mama alijifunika uso kwa mtandio. Daktari aliweka mhuri chini taratibu.

"Yapi ni ya Bibi na yapi ni yako?"

"Sikumbuki yote," nilijibu, na hapo ndipo nilipoanza kulia.

Bibi akanyoosha mkono wa kushoto, akachukua kalamu nyekundu ya daktari. Akavuta daftari, akaanza ukurasa wa kwanza. Kwenye "tea" akatia vema. Kwenye "hat" akatia vema. Akaliruka "heart", akaliruka "earth". Alikwenda hivyo mpaka mwisho, polepole, vema zake zikiwa zimepinda. Zilikuwa tisa tu. Kumbe siku zote alijua, ila hakuwa na neno la kunisemea.

Daktari alizihesabu mara mbili.

"Kumbukumbu yake ni nzima," alimwambia Mama. "Hilo sikulijua. Atabaki kwangu, na mazoezi tutayaanza upya." Kisha akanigeukia. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe ulificha maradhi ya mwingine, na hiyo ni mbaya zaidi. Maneno tisa ya kweli yangenionyesha pa kumshika mkono. Yako mengi yalinifukuza kwake. Ukimpenda mgonjwa, mvumilie katika uchache wake, usimpambie."

Alinipa daftari jipya. Mama hakunichapa, lakini njia nzima hakunisemesha, na afadhali angenichapa.

Kesho yake niliteremsha kopo. Kamba ilipiga chini huko nje, watoto wakahesabu, nami nikakaa. Bibi alipata neno moja siku hiyo, nikaandika moja. Siku iliyofuata hakupata kitu, nikaandika tarehe tu. Miezi minne baadaye, jioni moja, vizibo vilitoka kimoja baada ya kingine mpaka ukurasa wa siku hiyo ukawa na maneno saba, yote ya mkono wake. Cherehani ilikuwa imenyamaza, Mama amesimama mlangoni.

"Tumemaliza, Bibi?" nikamuuliza.

"Bado," akasema, akavuta kopo karibu.