Kamera Inayotaka Ukaribie

Mvua ya Kakamega haipigi hodi. Saa nane jua lilikuwa kali, na kabla ya saa tisa watu wa sokoni walikuwa wakikimbia na magunia vichwani, huku wauza nyanya wakifunika mali yao kwa turubai. Wanzala, fundi wa kuchomelea milango na madirisha, alikimbilia mlango wa kwanza aliouona wazi. Begani alikuwa na grili ya dirisha la mtu. Grili ikakwama mlangoni, na watu waliokuwa nyuma yake wakaanza kusukuma.

"Fundi, ingia wewe kwanza, dirisha litafuata," sauti ya mwanamke ilisema kutoka ndani.

"Imeshikana, dada."

"Si uigeuze. Ama umekuja kutufungia duka na chuma?"

Watu wakacheka. Wanzala akaigeuza, akaingia, akasimama akichuruzika maji kama paka aliyetolewa kisimani. Mwanamke aliyesema alikuwa nyuma ya kaunta ya kioo. Alivaa sweta ya manjano juu ya gauni la kitenge cha maua ya kijani, nywele amezisuka mistari ya kurudi nyuma, na miwani yake ilining'inia kifuani kwa kamba ya shanga. Jina lake lilikuwa Zilpah, binti wa mzee Shikanga wa Malava. Duka lilikuwa la Bashir, mtu wa Mumias, aliyekuwa ameketi pembeni akikausha redio kwa kitambaa.

"Basi, kwa vile mvua imekuleta, tukuuzie nini?" Zilpah aliuliza.

"Natafuta kamera," Wanzala alisema, na wala haukuwa uongo. Mwezi uliotangulia wazee wa kanisa lake walikuwa wamemchagua awe akipiga picha za ubatizo, harusi na mazishi. Walisema madirisha yake hayapindi, kwa hiyo jicho lake lazima limenyooka. Alikuwa ameweka pesa kidogo kidogo. Kilichobaki ni kujua anunue nini.

Zilpah alivaa miwani, akaweka kamera mbili juu ya kioo. Moja ilikuwa ndogo, mpya, ya kutia mfukoni. Ya pili ilikuwa nzito, ya kubadilisha lenzi, ile ambayo wapiga picha wa mjini huiita mirrorless, na hii ilikuwa imetumika ng'ambo kabla ya kufika Kakamega.

"Bei ni karibu sawa, kwa hivyo usiniulize ya bei nafuu. Hii ndogo inavuta mbali. Unasimama kwa ua, unahesabu meno ya bibi harusi. Ni nyepesi, haisumbui. Lakini kanisani kukiwa na giza, inahangaika. Hii kubwa, hata na mwanga wa mshumaa inakupa mtu kamili, mpaka unyevu wa macho. Shida yake, na lenzi hii iliyo nayo, haivuti. Inataka ukaribie."

"Nikaribie kiasi gani?"

"Kama vile umesimama sasa."

Wanzala akaangalia chini, akaona kwamba tumbo lake limegusa kaunta. Akarudi nyuma hatua moja, akakanyaga mtu.

"Nitaomba kwanza," alisema.

"Utaomba nani?"

"Mungu."

Bashir aliinua kichwa kutoka kwenye redio. Lakini Zilpah hakucheka, na hilo ndilo lililomharibu Wanzala. Alimtazama kwa makini juu ya miwani yake, akasema taratibu, "Haya. Mwulizie na mambo ya betri. Hiyo kubwa inakulanga betri sana."

Alhamisi iliyofuata alirudi. Na nyingine. Alikuja saa ya chakula, amenawa mikono kwa mafuta ya taa na sabuni, amevaa shati safi juu ya suruali yenye matundu ya cheche. Alizishika kamera zote mbili, akauliza maswali aliyokwisha kujibiwa.

"Salamu aleikum, mteja wetu wa daima," Bashir alimtania. "Yakobo alimngoja Raheli miaka saba. Wewe unangoja kamera ipi?"

"Nisije nikakosea, Bashir."

"Kukosea ni kwa mtu aliyejaribu. Wewe hata kukosea hujaanza."

Zilpah alikuwa akimpigia simu kila Jumatano jioni. "Fundi, mulembe. Kamera zako zinakuuliza kama kesho utakuja."

"Mulembe, dada. Ziambie nitakuja."

"Ndogo inasema imechoka kushikwashikwa bila kuolewa."

"Na kubwa?"

"Kubwa haisemi kitu. Kubwa inakuangalianga tu."

Baada ya simu hizo Wanzala aliketi kitandani na simu mkononi mpaka ikapoa. Tangu Alhamisi ya pili alijua ni kamera gani anaitaka. Lakini akishainunua, mtu wa miaka thelathini na sita atarudi dukani kutafuta nini? Chaji? Alipiga magoti kila asubuhi kabla ya kuwasha mashine, na ombi lake lilikuwa limegeuka bila yeye kujua. Mwanzoni alisema, Bwana, nionyeshe ipi. Sasa alisema, Bwana, usinijibu bado. Aliona aibu kumwomba Mungu anyamaze, lakini hakuwa na ombi jingine. Maneno aliyotaka kumwambia Zilpah alikuwa nayo yote, tena yamepangwa vizuri. Akifika kwenye kaunta yalishikana kooni kama grili mlangoni.

Kisha simu ikaja Jumatatu, siku isiyo yake.

"Wanzala." Kwa mara ya kwanza hakumwita fundi. "Jumamosi kuna wageni kwetu Malava. Nataka uje utupigie picha."

"Wageni wa nini?"

"Wa mahari."

Wanzala alikuwa ameshika koleo. Aliliweka chini polepole.

"Ya nani?" ndilo swali ambalo mtu yeyote angeuliza. Yeye alisema, "Saa ngapi?"

"Saa nne. Chagua kamera sasa, tafadhali. Na usikose. Nataka watu wetu wakuone."

Alhamisi hiyo Zilpah hakuwepo dukani, alikuwa ameenda nyumbani kuandaa. Wanzala aliinunua ile kubwa mikononi mwa Bashir, bila kuuliza kitu.

"Mungu amejibu?" Bashir aliuliza.

"Amejibu," alisema Wanzala, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyepewa majibu ya hospitali.

Boma la mzee Shikanga lilikuwa limefagiwa mpaka mchanga ukaonyesha mistari. Kulikuwa na tenti mbili, harufu ya kuku wa kienyeji na moshi wa kuni, na wageni kutoka Butere waliovaa nguo za rangi moja. Senje Roda, shangazi wa Zilpah, dada wa mzee Shikanga, ndiye aliyeendesha mambo. Alikuwa mfupi, amefunga kilemba cha zambarau, na sauti yake haikuhitaji kipaza sauti.

"Mpiga picha ni wewe? Simama hapo. Usipige bado. Nikisema, ndiyo upige."

Wanzala alisimama. Alivaa shati lake jeupe la Jumapili. Akamwona Zilpah akitoka nyumbani katika gauni la bluu, mkufu wa fedha shingoni, bila miwani. Alimtazama Wanzala, akatabasamu haraka, kisha akakalishwa kwenye kiti katikati ya uwanja, mbele ya wageni wote. Mama mmoja wa Butere alisogea na leso mpya, akamfunika mabegani. Kijana wa suti, aliyeitwa Wandera, akapiga goti na kumkabidhi kuku mwekundu, amefungwa miguu kwa utepe. Zilpah akampokea. Wanawake wakapiga vigelegele.

"Ameridhika," Senje Roda alitangaza. "Mpiga picha, sasa."

Wanzala aliinua kamera. Ndani yake Zilpah alikuwa mdogo kama mdoli, mbali, na kuku mapajani. Lenzi haikuvuta. Ilitaka hatua tano mbele. Alimwambia mguu wa kulia uende, na mguu haukwenda. Akamwambia wa kushoto. Bwana, alisema moyoni, hatua tano tu, kisha unichukue. Macho yalijaa maji, na kamera ile inayopiga hata gizani ikawa haioni kitu.

Akaishusha. Akapita nyuma ya tenti, akapita banda la kuku, akapita lango ambalo hata katika hali ile aliona kwamba bawaba zake zilichomelewa vibaya, akashika njia ya katikati ya miwa. Hakugeuka nyuma. Alitembea mpaka barabara kuu, kamera ikimgongagonga mbavu.

Wiki mbili zikapita. Zilpah hakupiga simu. Wanzala alichomelea milango, na jioni aliitazama kamera juu ya meza kama mtu anayetazama kiti cha marehemu. Wazee wa kanisa walipouliza, alisema bado anajifunza. Hata kuomba kulimshinda. Alipiga magoti, akainuka.

Siku ya kumi na tano Bashir alikuja mwenyewe karakanani, kanzu ameikunja isishike kutu.

"Wewe, nimeuza vitu miaka ishirini. Sijaona mtu kununua kamera, akabeba mpaka kwa sherehe, akarudi nayo bila picha hata ya mbuzi."

"Niache, Bashir."

"Sikuachi. Yule binti haongei na wateja sasa. Anawatupia tu chenji. Ulimkimbia mbele ya senje yake. Kwa nini?"

Wanzala aliondoa kinyago cha kuchomelea. "Ningefanya nini? Nimpige picha akiolewa? Nilimwona akipewa leso. Nilimwona akipewa kuku."

Bashir alimkodolea macho, kisha akaketi juu ya gurudumu la zamani, akajishika kichwa. "Subhanallah. Wanzala, kwenu Busia, mdogo akiposwa kabla ya mkubwa, mnafanyaje?"

"Hakuna kitu. Anaenda tu."

"Kwa akina Shikanga haendi tu. Anayeolewa ni Lynette, mdogo wake. Alikuwa amefichwa ndani. Hawezi kutoka mpaka dada mkubwa apewe leso na kuku, aseme ameridhika kurukwa. Ulichoona ni Zilpah kubembelezwa."

Wanzala alitaka kusimama, akakuta tayari amesimama.

Alifika dukani jinsi alivyokuwa, na masizi usoni, kamera imezungushiwa fulana safi. Zilpah alikuwa amevaa ile sweta ya manjano. Hakuinua kichwa.

"Kurudisha bidhaa ni ndani ya siku saba," alisema.

"Sikuja kurudisha."

"Betri, basi."

"Zilpah, nilidhani ni wewe."

Alivua miwani, akaiacha ianguke kwenye shanga zake. "Ungeuliza. Ni neno moja. Ya nani."

"Nililikosa."

"Na mimi ningekuambia. Nilinyamaza kwa sababu niliona haya kusema kwa simu kwamba mdogo wangu ananiruka. Nikasema, akuje aone mwenyewe. Nikae pale niangaliwe na Butere nzima, lakini angalau kuna mtu mmoja amekuja kwa ajili yangu. Nikainua macho, hakuna mtu." Sauti yake haikupanda. "Picha nilipiga mwenyewe, Wanzala. Na kuku kwapani. Nilikuwa nimeomba ile ndogo kwa Bashir."

Aliitoa ile kamera ndogo chini ya kaunta, akabonyeza, akamgeuzia. Kulikuwa na Lynette akitoka mlangoni anacheka. Kulikuwa na mzee Shikanga, na Senje Roda amefungua mdomo. Kisha ikaja moja isiyo ya sherehe. Ilikuwa njia katikati ya miwa, na mbali kabisa, mgongo wa shati jeupe, mabega yamelegea.

"Nilisimama langoni, nikaivuta mpaka mwisho," Zilpah alisema. "Nilikuambia inavuta mbali. Lakini ni picha inavuta. Mtu haimrudishi."

Wanzala aliutazama mgongo wake. Hakuwahi kuuona. Ulikuwa wa mtu aliyebeba kitu kizito kuliko grili. Alifungua fulana, akainua ile kamera kubwa. Akasogea mpaka tumbo likagusa kioo. Uso wa Zilpah ukajaa kote, unyevu wa macho na yote.

"Hii nilinunua kwa sababu ilitaka nikaribie," alisema. "Nikashindwa. Mimi ni mtu wa kushindwa, mpenzi wangu. Siwezi kukudanganya. Lakini niko hapa."

Lile neno, mpenzi, lilikuwa limetoka kabla hajalizuia. Zilpah alilisikia, akalifikiria, huku Bashir mlangoni akijifanya anahesabu taa za barabarani.

"Picha imetoka?" Zilpah aliuliza.

"Sijabonyeza. Kidole kimekataa."

Zilpah alijaribu kukasirika, akashindwa, akafunika mdomo kwa mkono wa sweta. Kisha akachukua simu, akapiga, akaiweka juu ya kioo na sauti wazi.

"Senje, mulembe. Yule mpiga picha, yule fundi wa milango, amepatikana."

"Amepatikana wapi, mtoni?" Sauti ya Senje Roda ilijaza duka. "Ana sababu?"

"Ako nayo. Alidhani mimi ndiye ninachukuliwa."

Jogoo aliwika huko Malava.

"Kwa hivyo alikimbia kwa uchungu."

"Ndiyo, senje."

"Na sasa anataka nini kwetu? Mpe simu aseme mwenyewe."

Zilpah alimsukumia simu. Wanzala aliinama juu yake. Midomo ilifunguka. Maneno yote yalikuwepo, kwa mpangilio, tangu mvua ile. Hakuna hata moja lililotoka. Alimtazama Zilpah kama mtu anayezama amtazamavyo aliye ng'ambo, na Zilpah akavusha mkono wake juu ya kaunta, akaushika mkono ule wenye makovu ya cheche.

"Senje," alisema, "hawezi kuongea."

"Hawezi kabisa?"

"Kabisa."

Senje Roda alivuta pumzi ndefu.

"Basi aje hivyo hivyo," alisema. "Na abebe mashine yake ya kuchomelea. Lango letu linalegea."